Kupima mzigo wa akili kwa EEG kwenye simuleta ya kreni: mbona namba zinapanda mtu akicheka?

Mpimaji_Bandarini aliuliza:

Wakuu, habari za humu. Nina mradi wa shahada ya uzamili wa kutumia EEG, yaani umeme wa ubongo unaonaswa juu ya ngozi ya kichwa, kupima mzigo wa akili wa wanafunzi wanaojifunza kuendesha kreni ya kupakua makontena, wakiwa kwenye simuleta. Viwango vya ugumu ni vitatu. Cha kwanza ni kuhamisha kontena bila upepo. Cha pili kuna upepo unaoyumbisha kontena. Cha tatu ni upepo ule ule, halafu msimamizi anaongea kwenye redio na mwanafunzi lazima amjibu.

Kifaa ni OpenBCI Cyton ya chaneli 8, sampuli 250 kwa sekunde, elektrodi za vikombe vya dhahabu na pesti ya Ten20. Zimekaa F3, F4, T7, T8, C3, C4, O1 na O2 (majina ya kawaida ya sehemu za kichwa zinapokaa elektrodi). Nakokotoa ile fahirisi inayotajwa kila mahali, beta ÷ (alfa + theta), yaani nguvu ya mawimbi ya ubongo ya kasi ikigawanywa kwa ya polepole, wastani wa chaneli zote, kila sekunde 2.

Shida ni hii: kiwango cha tatu kinapanda sana kama nilivyotegemea, lakini mtu akiwa mapumzikoni anapiga soga na kucheka, fahirisi inapanda zaidi ya pale anapohangaika na upepo. Na kuna baadhi yao inashuka kadiri kazi inavyokuwa ngumu.

Naomba kujua: elektrodi zikae wapi, nikokotoe nini, wanafunzi waliosuka nywele nifanye nao nini, na je, inawezekana kumpa mkuu wa mafunzo namba moja ya 0 hadi 100 ya "umakini" kama programu za simu zinavyofanya?

fundi_mawimbi alijibu:

Mkuu, hapo unapima taya zaidi kuliko ubongo. T7 na T8 zimekaa juu ya misuli ya panja, ile inayovimba mtu akitafuna. Umeme wa misuli huanza kuonekana karibu na Hz 20 na kuendelea hadi mamia ya Hz, wakati beta unayoitafuta ni Hz 13 hadi 30. Ukubwa wake unaipita ishara ya ubongo mara kadhaa. Kuitafuta beta hapo ni sawa na kusikiliza mazungumzo ukiwa umesimama kando ya mashine ya kusaga. Mwaka 2007 Whitham na wenzake walirekodi EEG ya watu waliolegezwa misuli yote kwa dawa huku wana fahamu zao, na sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kinaitwa EEG juu ya Hz 20 ikatoweka. Kwa hiyo mtu akicheka, akiongea au akiuma meno, beta, namba ya juu ya fahirisi yako, inafura. Kiwango cha tatu kina kuongea ndani yake, ndiyo maana kilikufurahisha.

Hakikisha mwenyewe, ni suala la dakika mbili. Mwambie mtu aume meno kidogo kwa sekunde 5, alegeze sekunde 5, mara tano. Chora mgawanyo wa nguvu kwa frikwensi kuanzia Hz 1 hadi 60. EEG safi hushuka kadiri frikwensi inavyopanda, ikiwa na kinundu kimoja karibu na Hz 10. Ukiona mstari umelala au unapanda baada ya Hz 20, hiyo ni misuli.

Fahirisi yenyewe ina mahali ilikotoka. Pope, Bogart na Bartolome waliitumia NASA Langley, matokeo yakatoka 1995, wakirekodi Cz, Pz, P3 na P4. Lengo lao lilikuwa mfumo unaoamua lini mashine imwachie mtu kazi aifanye kwa mkono na lini iichukue tena. Walikuwa wanapima kama mtu ameshikamana na kazi au ameanza kuzembea. Mzigo wa akili ni swali la jirani tu, na wao hawakuweka elektrodi kwenye mapanja.

Kwa mzigo wa akili, alama mbili zimesimama imara tangu kazi za Gevins na wenzake miaka ya 1990: theta ya mbele katikati (Hz 4 hadi 7 pale Fz) hupanda kumbukumbu ya kazi inapobebeshwa vitu vingi, na alfa ya nyuma juu (Hz 8 hadi 12 pale Pz) hushuka. Moja inapanda mbele, nyingine inashuka nyuma. Ukichukua wastani wa chaneli zote unazimeza zote mbili.

Mpangilio ambao ningeuweka kwenye Cyton yako:

Fz, Cz, Pz, P3, P4, halafu AFz au FCz kama akiba ya Fz. Chaneli ya saba iweke chini ya jicho la kulia kwa ajili ya kupepesa. Ya nane iache pale pale kwenye panja, makusudi, iwe shahidi wako wa misuli. Rejeleo, elektrodi ambayo nyingine zote zinalinganishwa nayo, likae kwenye ndewe ya sikio moja na liingie pini ya SRB2, na BIAS, elektrodi ya kupunguza mvumo wa umeme, ndewe ya pili. C3 na C4 ziondoe: mkono ukishika kijiti cha kreni, mdundo wa Hz 8 hadi 13 wa eneo la mwendo hushuka hapo, nawe utadhani ni alfa ya umakini. O1 na O2 nazo ni mtego kwa kazi ya kreni hasa, kwa sababu mwendeshaji huinama kutazama chini kati ya miguu yake, na misuli ya shingo hukaza na kumwagikia kisogoni.

Kupima: tumia futi ya fundi cherehani. Kutoka kijishimo cha juu ya pua, kati ya macho, hadi kinundu cha kisogoni, mfano umepata sm 36. Cz ni nusu, sm 18. Fz ni asilimia 30 kutoka mbele, sm 10.8. Pz ni asilimia 70, sm 25.2. Hakikisha Cz pia ni nusu ya umbali kutoka sikio hadi sikio, la sivyo mstari wako wote umepinda. Weka alama kwa penseli ya wanja.

Ngozi isugue na jeli ya kukwangua kwa ncha ya pamba mizunguko michache, ifute kwa spiriti, iache ikauke, ndipo pesti. Pesti ijae kikombe na ifurike kidogo, lakini mabaka mawili ya pesti yasigusane, maana Fz na FCz zikiunganika zinakuwa elektrodi moja. Lenga ukinzani chini ya kΩ 10, na muhimu zaidi ni zilingane. Chaneli moja ya kΩ 5 na nyingine ya kΩ 60 zitakuletea mvumo wa Hz 50 ambao BIAS haiwezi kuufuta. Kwenye programu kagua filta ya kuzuia umeme wa ukutani iwe Hz 50, isiwe 60 ambayo ni ya Marekani. Cyton iendeshe kwa betri zake, na kompyuta mpakato ichomolewe chaja wakati wa kurekodi.

Kabla ya kreni, kila mtu: dakika 1 macho wazi akitazama alama ukutani, dakika 1 amefumba. Alfa ya Pz lazima ipande waziwazi akifumba. Isipopanda, kagua waya kabla ya kusema mtu huyu hana alfa. Wapo wenye alfa ndogo kwa maumbile, ila ni wachache.

dada_neva alijibu:

Naongezea la nywele, maana hapa ndipo miradi mingi ya kwetu inapokwama na miongozo ya vifaa haisemi kitu.

Elektrodi inataka ngozi. Nywele zenyewe si tatizo. Mtu aliyesuka twende kilioni ni rahisi kuliko mwenye nywele ndefu zilizochambuliwa, kwa sababu njia kati ya mistari tayari ziko wazi. Mpigie siku chache kabla, mwombe asuke kuelekea kisogoni na msusi aache njia moja katikati kabisa, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Njia hiyo moja inakupa Fz, FCz, Cz na Pz zote. Kama msusi anaweza kuacha njia nyingine kila upande, karibu na nusu ya umbali kati ya katikati na sikio, umepata P3 na P4. Wazo la kusuka kwa kufuata vipimo vya elektrodi lilichapishwa na Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon mwaka 2020. Wao waliongeza vibanio vinavyoingia chini ya msuko na kuikandamiza elektrodi ikae. Kibanio hicho si lazima. Uzi laini wa pamba uliofungwa juu ya kikombe kutoka msuko mmoja hadi wa pili unafanya kazi ile ile, ilimradi usivute ngozi.

Yasiyowezekana: kushonea juu ya wavu, na rasta nene zilizofunika mistari yote. Wigi livuliwe, na uwe na chumba cha faragha cha kulivulia. Hili liandike kwenye tangazo la kuwaita washiriki, usimshtukize mtu siku ya kipimo.

Mafuta ndiyo adui mwingine. Mafuta ya nazi au ya mgando yakikaa kichwani ukinzani unakataa kushuka hata usugue vipi. Waambie waoshe kwa shampuu asubuhi hiyo, bila kilainishi, bila mafuta baada ya kuosha. Na wewe uwe na shampuu, maji ya uvuguvugu na taulo kwa ajili ya kuondoa pesti baadaye. Ten20 huyeyuka kwa maji ya uvuguvugu bila taabu, ila ikikauka ndani ya msuko inaacha unga mweupe na mtu hatarudi awamu ya pili.

Usiwaondoe waliosuka kwenye utafiti kwa sababu ya usumbufu. Utabaki na wanaume wenye vipara, halafu useme umepima wanafunzi wa kreni.

Bi_Takwimu alijibu:

Waya mmezimaliza, mimi nina mashaka na mpangilio wa jaribio. Kama kila mwanafunzi anaanza kiwango cha kwanza, cha pili, kisha cha tatu, basi huwezi kutofautisha ugumu na muda. Mtu akikaa kwenye kiti saa nzima alfa hupanda kwa uchovu tu. Hapo ndipo wanapotoka hao "wanaoshuka" kwenye fahirisi yako. Alfa iko kwenye kigawanyo, ikipanda fahirisi inashuka. Badilisha mfuatano: 1-2-3, 2-3-1, 3-1-2, na idadi sawa ya watu kwa kila mfuatano, halafu rudia kwa mfuatano wa kinyume baada ya mapumziko. Vipande vya dakika 5, mara mbili kwa kila kiwango, vinakupa dakika 10 za data kwa kiwango. Ukitupa theluthi kwa sababu ya misuli bado unabaki na za kutosha.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi kwa theta. Inapanda kwa mzigo, na inapanda pia mtu akisinzia. Mwanafunzi wa saa nane mchana aliyetoka kula atakuonyesha theta nzuri sana. Dalili za kuzitenganisha: ya mzigo imejikusanya katikati mbele, Fz kubwa kuliko Pz, na alfa ya Pz imeshuka. Ya usingizi imetapakaa kichwa kizima, kupepesa kunakuwa kwa polepole, na macho yanaanza kuelea upande kwa upande. Baada ya kila kipande muulize usingizi kwa mizani ya Karolinska ya 1 hadi 9, na uiweke kwenye modeli yako ya takwimu.

NASA-TLX, dodoso la mzigo wa kazi la Hart na Staveland (1988), usiiache, ndiyo utakayolinganisha nayo. Vipengele sita: mahitaji ya akili, ya mwili, ya muda, utendaji, juhudi na kero. Angalia sana mizani ya utendaji, imegeuzwa: kushoto ni "nimefaulu kabisa", kulia ni "nimeshindwa". Usipoieleza kwa mdomo watu wanaweka alama kinyume na wastani wako unaharibika kimya kimya. Kulinganisha vipengele viwili viwili mara 15 ili kupata uzito si lazima, wastani wa kawaida wa sita unakubalika, sema tu kwenye ripoti kwamba hukutumia uzito.

Hesabu yenyewe. Chuja Hz 1 hadi 40, kata vipande vya sekunde 2 vinavyopishana kwa nusu, tupa chochote ambacho tofauti ya kilele na bonde inazidi mikrovolti 100 baada ya kuondoa kupepesa. Kokotoa nguvu kwa njia ya Welch. Chukua logariti kabla ya wastani, si baada, kwa sababu nguvu ya EEG imeegemea upande mmoja na vipande vichache vikubwa vitakuburuta. Kisha toa kipimo cha msingi cha mtu huyo huyo.

Mfano wa karatasini: kwenye msingi theta ya Fz ni 8 na alfa ya Pz ni 20, kwa mikrovolti za mraba. Kwenye kiwango cha tatu zimekuwa 12 na 10. Theta imepanda desibeli 1.76 (10 × log ya 12/8), alfa imeshuka desibeli 3.01. Tofauti ya mbele na nyuma ni +4.77. Namba hiyo ina maana kwa mtu huyo, siku hiyo, dhidi ya msingi ule. Haina maana ukiiweka kando ya ya mwenzake ambaye fuvu lake ni nene zaidi au elektrodi zake zimekaa sm 1 nyuma.

Na msingi usiwe kufumba macho. Ukilinganisha kreni na macho yaliyofumbwa, tofauti yote itakuwa ya macho. Msingi ni kukaa kwenye kiti hicho hicho, skrini ile ile, mwanga ule ule, akitazama kontena likihamishwa na programu bila yeye kushika kitu.

Mpimaji_Bandarini alijibu:

Asanteni sana, nimepata mengi. Mawili tu. Kiwango cha tatu hakiwezekani bila kuongea, redio ndiyo yenyewe. Nitafanyaje? Na kupepesa nikuondoe kwa ICA? Kila somo la mtandaoni linasema ICA.

fundi_mawimbi alijibu:

ICA, yaani hesabu ya kutenganisha ishara zilizochanganyika, kwa chaneli sita za kichwani haikufai. Inakupa vijenzi vingi kadiri ya chaneli ulizonazo, basi. Ukitupa kimoja cha macho na kimoja cha misuli umebaki na vinne vilivyochanganyika. Ndiyo sababu masomo ya EEGLAB, programu ya kuchambua EEG, hutumia chaneli 32 au 64. Wewe tumia njia ya zamani ya kukadiria mchango wa jicho, waliyoieleza Gratton, Coles na Donchin mwaka 1983: tafuta vipande vya kupepesa, gawanya kovariansi ya jicho na Fz kwa variansi ya jicho, upate kigawo. Kisha toa kigawo × ishara ya jicho kutoka Fz, na hivyo hivyo kwa chaneli nyingine. Kitakuwa kikubwa Fz na kidogo Pz. Kikiwa kikubwa Pz kuliko Fz, umechanganya waya.

Hili usilipuuze. Kupepesa kumoja ni mikrovolti 100 na zaidi, na nguvu yake inaangukia chini ya Hz 8, ndani ya theta yako. Sasa mtu akitazama kitu kwa makini hupepesa mara chache zaidi. Usipokusafisha, theta ya Fz itaonekana inashuka pale inapopaswa kupanda.

Kuhusu redio, rekodi sauti ya mwanafunzi kwa kipaza sauti kwenye saa ile ile ya EEG, na tupa kuanzia nusu sekunde kabla hajafungua kinywa hadi sekunde 1 baada ya kunyamaza. Taya hujiandaa kabla ya sauti, kwa hiyo ukikata pale sauti inapoanza umechelewa. Pia panga majibu yawe mafupi: "nimepokea", "simamisha", "shusha". Kinachobaki, yaani kusikiliza na kushikilia maelekezo kichwani, ndicho chenye mzigo unaoutafuta. Mwishoni chora nguvu ya Hz 30 hadi 40 ya chaneli ya panja kwa kila kiwango. Kama bado kiwango cha tatu kiko juu ya vingine, hujasafisha vya kutosha.

Kama unataka ushahidi wa pili usiotegemea theta, piga milio ambayo haihusiani na kazi. Mlio wa Hz 1000 kwa asilimia 80 na wa Hz 1500 kwa asilimia 20, kila mmoja milisekunde 100, nafasi ya sekunde 1.2 hivi kutoka mmoja hadi mwingine, ibadilishe kidogo bila mpangilio. Mwambie aipuuze. Mlio wa nadra huleta wimbi la chanya lenye kilele baada ya milisekunde 300 hivi. Kazi ikila uwezo wote wa akili, linalobaki kwa mlio ni kidogo na wimbi linapungua. Kikundi cha Donchin na Wickens kilitumia mantiki hii tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Kwa wastani unaoaminika unahitaji milio ya nadra isiyopungua 40 iliyo safi kwa kila kiwango. Kwa asilimia 20 hiyo ni milio 200, takriban dakika 4. Vipande vyako viwili vya dakika 5 vinatosha hata baada ya kutupa.

Tahadhari ya muda: Cyton hupeleka data kwa redio hadi kwenye kipokezi cha USB, na ucheleweshaji unayumba. Kwa theta ya sekunde 2 haijalishi. Kwa wimbi la milisekunde 300 inajalisha sana, kilele kinasambaa na kuonekana kifupi. Kwenye Windows shusha kipima muda cha kipokezi kutoka milisekunde 16 hadi 1, kisha alama ya mlio iingize moja kwa moja kwenye pini ya kidijiti ya Cyton kupitia kitenganishi cha mwanga. Usiunganishe kamwe waya wa kompyuta iliyochomekwa ukutani na ubao uliounganishwa na kichwa cha mtu bila kitenganishi hicho.

kibarua_wa_data alijibu:

Niwe mkali kidogo. Kwa lengo la mkuu wa mafunzo, mapigo ya moyo, ukubwa wa mboni na makosa ya kuweka kontena vinakupa karibu jibu lile lile bila kumpaka mtu pesti. EEG ina faida pale tu unapotaka mabadiliko ya sekunde chache. Kama ripoti yako ni wastani wa dakika 5, jiulize mara mbili.

Na vile vitepe vya paji la uso vya madukani vinavyotoa "umakini 78" usivitumie hapa. Muse, kwa mfano, ina AF7, AF8, TP9 na TP10. Hakuna Fz wala Pz. AF7 na AF8 ziko juu ya nyusi, zinanasa macho na misuli ya paji. TP9 na TP10 ziko nyuma ya masikio, jirani na misuli ya shingo. Ni kifaa kizuri kwa kuonyesha alfa darasani.

Mwangaza wa karibu na wekundu, fNIRS, ni njia mbadala inayopima oksijeni kwenye damu ya ubongo: taa za nanomita 760 na 850 hivi, kipokezi sm 3 kutoka kwenye taa, vyote kwenye paji ambako hakuna nywele. Haibabaishwi na umeme wala na kuongea kiasi hicho. Lakini damu huchelewa, kilele huja sekunde 5 au 6 baada ya akili kufanya kazi, na bila kipokezi cha karibu cha mm 8 hivi cha kutolea mchango wa ngozi utapima joto la chumba na haya za mtu. Bei yake pia haifanani na Cyton.

Namba ya 0 hadi 100 usimpe mkuu. Mwanafunzi akipewa 43 atanyimwa cheti kwa sababu ya kΩ 60 kwenye Pz. Kama uko Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Umoja wa Ulaya tangu Februari 2025 umepiga marufuku mifumo ya akili unde inayobashiri hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa tiba au usalama. Umakini si hisia, lakini mwelekeo unauona. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba data haitatumika kumpima mtu kwa ajili ya cheti, na hata mkufunzi wake asijue nani alikubali na nani alikataa.

Bi_Takwimu alijibu:

Kwa mapigo ya moyo nakupinga kidogo, kibarua. Kazi ya kreni ina mikono inayosogea na kuongea, na vyote viwili hubadilisha moyo na upumuaji. Kwa mboni nakubaliana, ila mwanga wa skrini uwe sawa kwa viwango vyote, vinginevyo mandhari ya usiku yatashinda kila kitu.

Mpimaji, moja la mwisho kama utatumia ujifunzaji wa mashine. Vipande vyako vinapishana kwa nusu. Ukivichanganya vyote na kugawa 80 kwa 20 bila mpangilio, nusu ya kipande cha majaribio tayari imo kwenye cha kufundishia, na programu itatamba na usahihi wa asilimia 95. Acha mtu mzima nje, fundisha kwa waliobaki, jaribu kwake, zungusha kwa wote. Usahihi utaporomoka, na huo ndio wa kuandika. Kwa takwimu za kawaida vivyo hivyo: vipande 300 vya mtu mmoja si watu 300. Tumia modeli mseto yenye mshiriki kama athari ya nasibu, na kiwango, mfuatano na usingizi kama athari za kudumu.

Mpimaji_Bandarini alijibu:

Nimeelewa. Nimebadilisha waya kama alivyosema fundi, nikapima mmoja kwanza. Kufumba macho alfa ya Pz imepanda vizuri. Ila P4 ni mstari ulionyooka juu kabisa, na namba kwenye faili zina tarakimu nyingi za ajabu, si mikrovolti.

fundi_mawimbi alijibu:

P4 imegonga dari. Kwa ukuzaji wa 24 Cyton inasoma hadi milivolti 187.5 kila upande, na elektrodi isiyogusa ngozi, au waya uliokatika ndani ya plastiki karibu na plagi, huenda moja kwa moja hapo. Hamisha waya wa P4 kwenye pini ya P3: tatizo likihama na waya, shida ni waya au elektrodi yake. Likibaki kwenye pini, kagua kama SRB2 ya chaneli hiyo imezimwa kwenye mipangilio. Vikombe vya dhahabu vilivyochubuka navyo vitupe, chuma cha ndani kikigusa pesti kinatoa volti yake yenyewe na chaneli inaelea.

Tarakimu hizo ni hesabu ghafi za kigeuzi cha biti 24. Zidisha kwa 0.02235 upate mikrovolti, kwa ukuzaji huo huo wa 24. Ukibadilisha ukuzaji, namba hiyo ya kuzidishia nayo hubadilika: gawanya volti 4.5 kwa ukuzaji, kisha kwa 8,388,607, halafu zidisha kwa milioni moja iwe mikrovolti. Fanya hivyo kabla ya kuweka kikomo cha mikrovolti 100 alichosema Bi Takwimu, la sivyo programu itatupa kila kipande.